Kabla ya kudai barua ya mwenyekiti, wekeni kiti cha tatu kliniki

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie jambo linalopigiwa ngoma kila kikao cha afya hapa mkoani Kigoma, halafu likifika zahanati linatekelezwa miguu juu kichwa chini: kuwashirikisha akina baba katika ujauzito wa wenza wao na katika siku 42 baada ya kujifungua. Kwamba baba ashiriki, tunakubali kwa mikono miwili. Namna anavyoshirikishwa ndiyo inayotufanya tutoe kalamu mfukoni.

Kwenye baadhi ya zahanati mambo huenda hivi. Mama akija hudhurio la kwanza anaulizwa, "Mwenzako yuko wapi?" Aliyekuja naye anapitishwa mbele ya foleni. Asiye naye anarudishwa akalete barua ya mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, yenye muhuri, ikieleza baba kaenda wapi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliposhauri mwaka 2015 kwamba wanaume washirikishwe, liliweka sharti palepale: ifanywe kwa namna inayoheshimu uamuzi na uhuru wa mwanamke. Muhuri wa mwenyekiti hauingii hapo hata kwa kusukumwa.

Wanaoumia ni hao hao wasio na pa kusemea. Mjane. Mwanafunzi aliyekanwa na aliyempa mimba. Mke wa mvuvi ambaye mumewe yuko kambi ya dagaa huko kusini na simu haishiki. Mwanamke anayepigwa nyumbani, ambaye kuja kliniki peke yake ndiyo nafasi yake ya kufungua mdomo. Mwenyekiti leo hayupo, kesho yuko msibani, kesho kutwa anataka ya soda ndipo agonge muhuri. Wiki mbili au tatu zinakwenda hivyo.

Na wiki hizo zina bei. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki ya 12. Hapo mama anapimwa presha, wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, VVU na kaswende, anaanzishiwa vidonge vya kuongeza damu na kupewa chandarua chenye dawa. Kuanzia wiki ya 13 anameza SP ya kuzuia malaria, vidonge vitatu kwa mkupuo mbele ya nesi, na anarudia kwenye hudhurio linalofuata mradi mwezi mmoja umepita (anayetumia septrini hapewi SP, zinagongana). Mama aliyezungushwa hadi wiki ya 24 amekwishapoteza dozi mbili au tatu ambazo hakuna namna ya kuzirudisha nyuma. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Vimelea vikikaa kwenye kondo la nyuma mama anapungukiwa damu na mtoto anazaliwa na uzito mdogo, chini ya kilo 2.5. Barua moja imefika mpaka huko.

Kisha kuna waume wa kukodi. Mama akishachoka kuzungushwa anampa kijana wa bodaboda chochote, wanaingia wote wawili, wanahudumiwa wa kwanza. Kijana anatobolewa kidole, majibu yake yanaandikwa kwenye rejesta mahali pa mwenza, na takwimu za kituo zinapendeza. Mume halisi hajapimwa. Kama mama ana kaswende atachomwa sindano ya penisilini, uniti milioni 2.4, atapona, kisha ataambukizwa upya nyumbani kwa sababu aliyemwambukiza hakuguswa. Kaswende ya mjamzito huua mtoto tumboni, au mtoto huzaliwa nayo. Kwa VVU hali ni nzito zaidi: mama akipata maambukizi mapya akiwa na mimba au ananyonyesha, virusi mwilini mwake huwa vingi sana kwa wakati huo, na hatari kwa mtoto hupanda. Ndiyo maana hatutaki kuona jina la mwanamume yeyote yule kwenye rejesta, tunataka kuona la yule anayelala naye. Baba asiyeweza kufika apelekewe kipimo cha kujipima mwenyewe. Sheria ya UKIMWI iliruhusu tangu marekebisho ya 2019. Lakini mama aulizwe kwanza kama kukipeleka nyumbani hakutamletea kipigo.

Sasa tuseme baba amekuja kwa hiari yake, kavaa shati la Ijumaa. Mkewe anaitwa. Chumbani kuna meza, kitanda cha kupimia na viti viwili: cha nesi na cha mama. Baba anabaki amesimama mlangoni kama mdaiwa, hajui mikono aiweke wapi. Nesi anamwambia, "Baba, subiri nje kidogo." Nje ni chini ya mwembe, na kidogo yenyewe ni saa mbili nzima. Alichoitiwa ni kutobolewa kidole tu. Akirudi mwaloni, ufukweni kwenye mitumbwi, anawaambia wenzake kliniki ni mahali pa kupimwa ukimwi, na mwezi unaofuata hatokei hata mmoja. Hapo utasikia kwenye kikao kwamba wanaume wa Kigoma hawana mwamko.

Kwa hiyo tunaanza na kiti cha tatu, kiti cha plastiki cha dukani, kando ya meza na si nyuma ya mlango. Utaratibu nao ubadilike kidogo. Mama aingie peke yake kwanza, dakika tano, aulizwe mambo yake ya siri: usalama wake nyumbani, majibu ya zamani, mimba zilizotangulia. Aulizwe pia kama anataka mwenzake aingie. Akisema hapana, iishie hapo, na baba asielezwe kwamba mkewe ndiye aliyekataa. Akisema ndiyo, baba aitwe kwa jina, aketi, aongeleshwe.

Mahudhurio yanayopendekezwa na WHO tangu 2016 ni manane. Kumtaka baba aje yote manane ni kujidanganya, na hata hana kazi ya kufanya kwenye yote. Sisi tungemwita mara tatu. La kwanza, kwa ajili ya vipimo vya wote wawili. La kati, wiki ya 26 hadi 30, kwa ajili ya chakula na dalili za hatari. La wiki ya 36, kwa ajili ya mpango wa kujifungua. Matano yaliyobaki mama aje na amtakaye au aje mwenyewe.

Hilo la kati ndilo linaloharakishwa kuliko yote, na ndilo lenye faida kubwa. Baba ashikishwe kadi, aonyeshwe namba zinasomwaje. Wingi wa damu chini ya 11 ni upungufu. Chini ya 7 ni hatari, anapelekwa hospitali. Presha ikifika 140 kwa 90 haisubiri tarehe ya kurudi. Aambiwe kwamba vidonge vya damu vinafanya choo kiwe cheusi, na hilo si ugonjwa, maana akina mama wengi huviacha kwa hofu hiyo. Visimezwe na chai, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vimezwe na maji, na ndimu au chungwa likiwapo ni vizuri zaidi. Akitoka ziwani na dagaa, fungu la mjamzito litengwe kwanza, pamoja na matembele yaliyoungwa kwa mawese. Vitu hivyo vipo Kigoma tele. Tatizo la nyumba nyingi ni kwamba mjamzito ndiye anayepakua wa mwisho.

Dalili za hatari asisomewe kama shairi. Aambiwe kila moja pamoja na cha kufanya. Kichwa kinachogonga bila kuacha, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba: hiyo inaweza kuwa presha ya ujauzito, na degedege iko njiani. Damu ukeni, hata bila maumivu. Maji ya uzazi kutoka kabla ya uchungu. Homa. Mtoto kuacha kucheza. Kwa yoyote kati ya hizo anapiga 115, bure hata bila salio. Hiyo ni namba ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa 2022, ambao hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo humtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa. Mpokeaji atataka jina la mama, kijiji na alama ya kukitambua, umri wa mimba, tatizo lilianza saa ngapi, na namba itakayopokelewa. Baba ayajaribu kuyasema palepale kwenye kiti. Kama kijiji chake kina sehemu moja tu yenye mtandao, aseme ni wapi, na nani atatumwa kwenda kupiga usiku.

Wiki ya 36 ina jambo moja ambalo kwetu lina uzito kuliko mengine yote: ruhusa ya mapema. Wakunga wote wanajua akina mama huchelewa katika sehemu tatu: kuamua, kufika, na kuhudumiwa baada ya kufika. Ya kwanza iko mikononi mwa baba. Mama anatoka damu saa nane usiku, mume yuko ziwani, na mama mkwe anasema tumsubiri mwenye nyumba. Basi baba atamke mbele ya nesi na mbele ya mkewe: dalili ya hatari ikitokea, unaondoka, hunisubiri. Amtaje atakayefuatana naye na atakayebaki na watoto. Fedha ya safari ikae kwa mama, kwenye laini yake au kwenye kibubu chake. Fedha iliyo kwenye simu ya baba, na baba yuko katikati ya ziwa, ni sawa na haipo. Hayo yaandikwe kwenye kadi kwa mstari mmoja, ili hata mama mkwe akisomewa asibishe.

Siku hiyo hiyo izungumzwe damu. Mwanamume mwenye afya, kilo 50 na kuendelea, anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu. Baba na ndugu mmoja wachangie mapema, wasingoje leba. Damu inayotolewa uchungu ukiwa umeshaanza lazima ipimwe kwanza VVU, homa ya ini B na C na kaswende, na anayevuja damu hana muda huo. Haiwekewi jina la mke wako, inaingia kwenye benki ya wote. Lakini benki ikiwa tupu, hata mkeo hana.

Kuhusu chumba cha leba tutasema kidogo, maana hapa Kigoma kazi ilishafanyika. Kati ya 2016 na 2018 shirika la Thamini Uhai lilijaribu utaratibu wa mama kuwa na msindikizaji wakati wa uchungu katika vituo vya mkoa huu, na wasindikizaji walikuwa wanawake, kwa sababu inayoeleweka: vitanda viko wazi chumba kimoja, na mume wa mmoja akiingia amewaona wote. Bomba la kutundikia na pazia la kufulika kati ya kitanda na kitanda vinatatua hilo. Hata pazia likiwapo, anayechagua ni mama. Wengi watamchagua mama mzazi au dada, na baba asinune. Akichaguliwa yeye, kazi yake ni kusugua mgongo, kumpa maji na uji, kumsaidia kutembea, na kumwita nesi. Na kuwa mlinzi mlangoni: chupa ya dawa ya miti ya kuongeza uchungu isipite. Inakaza mfuko wa uzazi bila kipimo, na mfuko unaweza kupasuka.

Tukija siku 42, hapo ndipo sera inapomsahau baba kabisa, kana kwamba mtoto akishalia kazi imekwisha. Baada ya kujifungua salama mama anatakiwa akae kituoni angalau saa 24, na aonwe ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Siku ya 7 ndiyo inayoachwa sana, kwa kuwa mama haruhusiwi kutoka nje na hakuna wa kumpeleka. Baba ampeleke, au amwite mhudumu wa afya ngazi ya jamii aje nyumbani.

Nyumbani aangalie damu. Nusu lita, ujazo wa ile chupa ndogo ya maji ya dukani, tayari inahesabiwa kuwa ni kuvuja damu kupita kiasi. Hakuna atakayekinga na chupa, kwa hiyo kipimo chake ni kitambaa: kikiloa chote ndani ya saa moja, ni 115. Harufu mbaya na homa ni maambukizi. Maumivu makali ya kichwa bado yanahesabika, maana degedege ya uzazi huweza kuja hata baada ya kujifungua. Kwa mtoto, aangalie kifua kikiwa kimetulia, ahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu: 60 au zaidi ni hatari. Mtoto asiyenyonya, mwenye joto kali au mwili wa baridi, mwenye kitovu kinachotoa usaha, hapelekwi kwa mganga kwanza. Kitovu kikae kikavu: hakuna majivu, mavi ya ng'ombe wala mafuta.

Maji nayo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Aliyepasuliwa hatakiwi kuinua kitu kizito kumzidi mwanawe kwa wiki kama sita, na bado utamwona bombani siku ya kumi, mume kakaa kijiweni. Baba achote. Na kama mtoto ni njiti, kifua cha baba kina joto lile lile: mtoto avuliwe abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kitenge, wakati mama amelala. Hilo linaloitwa la kangaruu ukimweleza mwanamume wa hapa anacheka. Akishafanya mara moja, kumnyang'anya mtoto ni kazi.

Kulialia na kununa siku za mwanzo ni kawaida kwa mama wengi. Kukivuka wiki mbili, akawa hali chakula, halali hata mtoto akilala, hamtaki mtoto au anasema heri yeye afe, hiyo ni sonona, ina tiba, na anayeiona wa kwanza ni anayelala chumba hicho. Akianza kusikia sauti au kutaka kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, apelekwe siku hiyo hiyo. Tafadhali, tusianze kusema amepandwa na mapepo.

Ratiba. Kliniki zetu hufunguliwa saa mbili asubuhi na saa sita zimekwisha. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mvuvi anarudi alfajiri, anauza, anashona nyavu, saa nne amelala kama gogo. Lakini mwezi ukipevuka dagaa hawaji kwenye taa, na mitumbwi inalala ufukweni kwa siku kadhaa, karibu wiki. Kliniki ya wenza ipangwe siku hizo, saa tisa alasiri, mara moja kwa mwezi. Kalenda ya mwezi inajulikana mwaka mzima, na hata mtoto wa mwalo wa Kibirizi atakutajia. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wanaume walikuwa majumbani miezi mitatu. Likifungwa tena, ratiba iwe mkononi. Huko Kasulu, Kibondo na Buhigwe, siku ya gulio ndiyo mume na mke wanapofuatana kwenda senta, basi na kliniki iwe siku hiyo.

Na kipimo cha mafanikio kibadilike. Ukimdai nesi asilimia ya wanaume waliofika, atakuletea wanaume, wakiwamo wa kukodi. Mdai ni akina mama wangapi wana mstari wa ruhusa kwenye kadi, wangapi wenye kaswende wametibiwa pamoja na mwenza, wangapi wameonwa siku ya 7.

La mwisho ni kwa wabunge wetu. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa baba angalau siku 3 zenye malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama ana siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Hizo 3 zinakwisha mkewe aliyepasuliwa bado yuko wodini, maziwa ndiyo kwanza yanajaa, na hudhurio la siku ya 7 halijafika. Tena sheria inasema ni siku 3 kwa mzunguko wote wa miezi 36 ya ajira, hata wakizaliwa watoto wawili kwa nyakati tofauti. Baba aliyepata mtoto Januari 2024 akapata mwingine Juni 2026, wote ndani ya mzunguko mmoja, kwa huyo wa pili hana siku hata moja anayoweza kuidai. Tunaomba ziwe 14 kwa kila uzazi, na ziruhusiwe kuchukuliwa vipande vipande hadi siku ya 42.

Mvuvi, mkulima na bodaboda wa Mwanga hapa mjini hawamo kwenye kifungu hicho, kwa sababu hawana mwajiri wa kumwomba likizo. Kwao tunaomba halmashauri ibandike ratiba ya kliniki ya wenza kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye magulio, kwa tarehe na saa, na chini yake 115 kwa herufi kubwa zinazosomeka hata kwa tochi ya simu.

Wakunga wawili,
Ujiji, Kigoma